Tutaimba Nini Siku Tukishindwa?



Leo naanza na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, kwa sababu linatuaibisha wote. Usiku ule vijana wetu sita walipokamatwa baada ya kikao cha ndani, tulikwenda kukesha nje ya kituo. Tulikuwa kama arobaini hivi. Mama wa mmoja wao alikuja na chupa ya chai na kanga mbili begani, moja yake, nyingine ya kumfunika mwanawe endapo wangemwachia usiku. Ilipofika saa nane, baridi imeshaingia kwenye mifupa, dogo mmoja akasema, "Jamani tuimbe, wasikie huko ndani kwamba tupo." Akaanzisha ule wimbo wa kampeni tunaoujua wote. Tukadakia kwa nguvu. Tulipofika kwenye kiitikio sauti zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki yeye peke yake, na yeye akanyamaza. Kiitikio chenyewe ni jina la mtu. Na mtu huyo alikuwa ameunga juhudi miezi minne iliyopita.

Kukawa kimya. Yule mama akauliza taratibu tu, "Hamna mwingine?"

Hatukuwa na mwingine, makamanda. Kuna wa mwenyekiti. Kuna wa mgombea. Kuna ule wa msanii tuliyemlipa, ambaye msimu uliofuata alilipwa na upande wa pili, mahadhi yale yale, jina tu limebadilishwa. Hakuna hata mmoja uliowahusu wale sita waliokuwa ndani. Hakuna uliomhusu yeye mama na chupa yake ya chai.

Swali lake ndilo lililonipeleka Ayalandi. Sio kwa ndege, nauli natoa wapi. Kwa kusoma na kusikiliza, usiku kucha, bando likiisha naunga lingine.

Nilifikia huko kwa kupitia Kongo. Nilikuwa nasoma habari za Mfalme Leopold nikakutana na jina la Roger Casement. Huyu alikuwa konseli wa Uingereza huko Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto akakusanya ushahidi wa watu waliochapwa, waliokatwa mikono na waliouawa kwa sababu ya mpira, na ripoti yake ya 1904 ilikuwa moja ya silaha zilizomfanya Leopold aachie ile nchi mwaka 1908. Uingereza ikampa cheo cha Sir. Lakini Casement alikuwa mtu wa Ayalandi, na alianza kujiuliza: kama nawatetea watu wa Kongo dhidi ya mkoloni wao, watu wangu je? Ijumaa Kuu ya 1916 alikamatwa ufukweni Banna, kusini-magharibi mwa Ayalandi, ametoka kwenye nyambizi ya Kijerumani baada ya kutafuta silaha kwa ajili ya wenzake. Tarehe 3 Agosti mwaka huo alinyongwa London. Kuna wimbo wa Waayalandi kuhusu ufukwe ule, na watu wanauimba mpaka leo. Nilipousikia nikajiuliza: hawa jamaa wamewezaje kumbeba mtu zaidi ya miaka mia kwenye vinywa vyao, wakati sisi wa kwetu hatujambeba hata miezi minne?

Nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza walijifunza kuficha

Ayalandi ilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Karne ya 18 Wakatoliki, ambao ndio walikuwa wengi nchini, walizuiwa kwa sheria kununua ardhi, kuingia bungeni, na baadaye hata kupiga kura. Kusema waziwazi ilikuwa hatari. Kwa hiyo washairi wa lugha yao, Kiayalandi, wakatumia njozi. Mshairi amelala, anatokewa na mwanamke mzuri ajabu, analia, ameporwa haki yake, anamsubiri wa kwake aliye ng'ambo. Aogán Ó Rathaille ndiye bingwa wa mashairi ya aina hiyo. Mwanamke yule ni nchi. Kila msikilizaji anajua, na hakuna anayelazimika kusema.

Upo pia wimbo uitwao Róisín Dubh, maana yake waridi dogo jeusi. Ukiusikia juu juu ni mtu anamlilia mpenzi wake. Askari akipita dirishani atasema hawa wanaimba mapenzi, atakwenda zake. Hili halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizipiga siasa za mji wake kwa beti zenye maana mbili, na sisi wenyewe tuna msemo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Kisha wakaimba kushindwa

Mwaka 1791, mjini Belfast, kikundi cha watu waliovutiwa na mapinduzi ya Ufaransa kilianzisha jumuiya iitwayo United Irishmen. Wengi wa waanzilishi walikuwa Waprotestanti, na shabaha yao ilikuwa kuunganisha dini zote dhidi ya utawala wa kutoka London. Mwaka 1798 nchi ikalipuka. Kule Wexford padri mmoja wa kijijini, John Murphy, aliongoza wakulima waliokuwa na mikuki. Walishinda mapigano kadhaa ya mwanzo. Tarehe 21 Juni, kwenye kilima cha Vinegar Hill, mizinga ikawavunja. Padri alikamatwa akauawa. Watu walikufa kwa maelfu mwaka ule. Inasimuliwa kwamba wapiganaji walitembea na shayiri mifukoni kama chakula cha njiani, na kwamba baada ya kuzikwa kwenye makaburi ya pamoja, shayiri iliota juu yao.

Sasa sikiliza hapa. Wimbo maarufu wa yule padri, Boolavogue, ulitungwa na Patrick Joseph McCall mwaka 1898. Miaka mia moja baadaye! Mwingine, The Rising of the Moon, unaohusu usiku wa watu kukusanyika kwa siri mwaka ule ule wa 1798, ulitungwa na John Keegan Casey aliyezaliwa mwaka 1846. Huyu kijana alifungwa mwaka 1867 kwa harakati zake, akafa mwaka 1870 akiwa na miaka 23, na maelfu wakajitokeza kumzika.

Yaani watu waliotunga nyimbo hizi hawakuwepo vitani. Walirithi kushindwa kwa babu zao, wakakataa kukuacha kuzikwe. Sisi tukishindwa uchaguzi, wiki ya pili tunafuta mabango, tunafuta picha, tunanyamaza, tunaanza kulaumiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Waayalandi walishindwa mwaka 1798, wakashindwa 1803, wakashindwa 1848, wakashindwa 1867. Kila kushindwa kuliacha nyimbo. Kijana aliyezaliwa baadaye hakukuta ukurasa mtupu. Alikuta majina, vijiji, na madaraja ambako watu walisimama.

Wimbo ulikuwa kazi ya chama

Mwaka 1842 vijana watatu, Thomas Davis, Charles Gavan Duffy na John Blake Dillon, walianzisha gazeti Dublin, The Nation. Davis alikuwa na miaka 28. Waliamua kwamba gazeti la siasa litabeba mashairi na nyimbo, na wakawaomba wasomaji watume za kwao. Mwaka uliofuata wakazikusanya kuwa kitabu. Gazeti lilikuwa likisomwa kwa sauti mbele ya watu wasiojua kusoma, na wimbo ndio uliobaki kichwani gazeti lilipofungiwa vitumbua. Mmoja wa watunzi alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, John Kells Ingram. Shairi lake la kuwakumbuka wafu wa 1798 lilitoka mwaka 1843 bila jina. Mwingine alikuwa mwanamke aliyejiita Speranza, jina lake halisi Jane Wilde, mama yake mwandishi Oscar Wilde.

Davis alifariki mwaka 1845, hajafikisha miaka 31. Mwaka huo huo ugonjwa wa viazi ukaingia, ikafuata njaa kuu iliyoua watu kama milioni moja na kuwafukuza zaidi ya milioni nyingine ng'ambo. Walioondoka kwa meli waliondoka na nyimbo. Mwaka 2002 idhaa ya dunia ya BBC, shirika la nchi ile ile iliyowatawala, iliwauliza wasikilizaji wake ni wimbo gani bora kuliko wote duniani. Uliopata kura nyingi ni wa Davis, A Nation Once Again. Najua mashabiki walihamasishana kwenye intaneti, sawa. Lakini ndiyo hoja yenyewe. Baada ya zaidi ya miaka 150 bado walikuwepo wa kuhamasishana.

Tazama walichokifanya wale watatu. Hawakuita msanii wakati wa kampeni wakamkodia gari la matangazo. Waliufanya utunzi kuwa jukumu la wanachama, kama kugawa kadi, kama kulinda kura.

Washairi waliosaini, na fundi rangi

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, watu wachache waliteka Posta Kuu ya Dublin na majengo mengine, wakatangaza jamhuri. Tangazo lilikuwa na saini saba. Watatu kati ya hao saba walikuwa washairi: Patrick Pearse, mwalimu mwenye shule yake, Thomas MacDonagh, mhadhiri wa chuo kikuu, na Joseph Plunkett, ambaye alifunga ndoa na Grace Gifford kwenye kanisa la gereza saa chache kabla ya kupigwa risasi. Wa nne, James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi, alikuwa amechapisha kitabu kidogo cha nyimbo huko New York mwaka 1907, akieleza humo kwamba harakati isiyo na ushairi wake bado haijakamilika.

Walidumu siku sita. Karibu watu 500 walikufa, zaidi ya nusu wakiwa raia tu waliokutwa katikati. Tusidanganyane: wananchi wengi wa Dublin waliwakasirikia. Wapo waliowazomea wakati wanapelekwa kizuizini. Kilichogeuza upepo ni Waingereza wenyewe. Kati ya tarehe 3 na 12 Mei waliwapiga risasi watu 15, kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Connolly alikuwa na majeraha hawezi kusimama, wakamfunga kwenye kiti wakampiga risasi. Nyimbo zikatoka kila kona. Padri mmoja, Charles O'Neill, alitunga ya kwake, The Foggy Dew, akilinganisha waliokufa Dublin na wale maelfu ya vijana wa Ayalandi waliokwenda kufa vitani chini ya bendera ya Uingereza. Na mwisho wa mwaka 1918, kwenye sanduku la kura, chama cha Sinn Féin kikachukua viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Sanduku la kura, makamanda. Hapo naomba mkumbuke.

Lakini mtu wangu katika hadithi hii ni fundi rangi. Peadar Kearney alikuwa akipaka rangi nyumba Dublin. Kabla ya mapinduzi aliandika maneno ya wimbo mmoja wa kijeshi, rafiki yake Patrick Heeney akatia mahadhi, na mwaka 1912 maneno yakachapwa kwenye gazeti la harakati. Mwaka 1916 wapiganaji waliuimba ndani ya Posta Kuu, kisha wakauimba kwenye kambi walikofungwa huko Wales. Mwaka 1926 ukawa wimbo wa taifa. Na Kearney? Alirudi kupaka rangi nyumba. Alifariki mwaka 1942 akiwa na maisha ya chini. Nchi nzima inasimama wima ukipigwa wimbo wake, na yeye alikuwa juu ya ngazi na brashi yake. Naliweka hili hapa kwa ajili ya viongozi wetu wanaopenda kusema "kijana, jitolee kwa ajili ya ukombozi" huku posho za vikao zinalipwa kwa wakati.

Sasa upande wa pili

Kama ningekuwa natafuta makofi ningeishia hapo. Lakini nyimbo zile zile zinadanganya pia, na Waayalandi wenyewe ndio waliosema.

Kevin Barry alikuwa mwanafunzi wa udaktari, miaka 18. Alinyongwa tarehe 1 Novemba 1920. Wimbo wake umezunguka dunia, hata Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyeimbia haki kila mahali, aliuimba. Unaliza. Lakini kwenye shambulio alilokamatwa nalo, askari watatu wa Kiingereza walikufa, nao vijana. Hao hawamo ndani ya wimbo. Mama zao pia walipata barua.

Halafu wanawake. Kwenye nyimbo na mashairi, nchi ni mwanamke: mama, bibi kizee, msichana anayelia. Wanawake wa kweli je? Mwaka 1916 walishiriki zaidi ya mia mbili. Elizabeth O'Farrell, muuguzi, ndiye aliyetoka na kitambaa cheupe katikati ya risasi kupeleka ujumbe wa kusalimu amri. Ipo picha ya Pearse akijisalimisha, na O'Farrell alikuwa amesimama pembeni yake. Kinachoonekana ni miguu yake tu. Niangalie na sisi: nani alipika usiku wa mkutano mkuu, nani alibeba fomu za matokeo kifuani ili zisinyang'anywe, na nani yumo kwenye nyimbo zetu?

Halafu vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Mkataba na Uingereza ulisainiwa Desemba 1921, wakagawanyika, na kuanzia Juni 1922 mpaka Mei 1923 waliuana wenzi waliokuwa wakiimba pamoja. Serikali mpya, ya Waayalandi, iliwaua kwa risasi wafungwa 77. Wimbo wa kumlaani Mwingereza unatungwa haraka. Wimbo wa kukiri kwamba ndugu yangu alimuua ndugu yangu unakaa kooni. Familia nyingi zilinyamaza kwa miaka mingi.

Yupo mshairi William Butler Yeats. Mwaka 1902, kwa kushirikiana na Lady Gregory, alileta jukwaani mchezo wa bibi kizee anayeingia nyumba yenye harusi. Bwana harusi anamwacha mchumba, anamfuata bibi kwenda kupigana mwaka wa 1798. Bibi ni nchi. Vijana waliutazama ule mchezo wakatoka wamewaka. Uzeeni Yeats alijiuliza kwenye shairi kama mchezo wake ndio uliowapeleka baadhi yao kwenye risasi. Hata shairi lake kuhusu Pasaka ya 1916 linawataja waliouawa kwa heshima huku likiuliza kama vifo vyao vilikuwa vya lazima. Alimaliza kuliandika Septemba mwaka ule ule, lakini umma uliliona gazetini mwaka 1920.

Na mwaka 1957, siku ya mwaka mpya, vijana wawili wa IRA walikufa wakivamia kituo cha polisi Brookeborough, Ayalandi ya Kaskazini. Seán South akapata wimbo wa sifa. Fergal O'Hanlon, miaka 20, akapata wimbo wa Dominic Behan, The Patriot Game, ambao ndani yake kijana anayekufa anaanza kutilia shaka mchezo wenyewe wa uzalendo. Tukio moja, nyimbo mbili, mmoja unashangilia na mwingine unauliza. Bado watu wanaimba zote mbili baa moja, usiku mmoja.

Seamus Heaney, mshindi wa Nobel mwaka 1995, alizaliwa kaskazini huko huko. Mwaka 1966 aliandika shairi kuhusu ile shayiri ya 1798 inayoota makaburini. Damu ilipoanza kumwagika tena miaka michache baadaye, aliacha kulisoma hadharani, kwa sababu aliona litachukuliwa kama tangazo la kuungana na wenye mabomu. Shairi lilikuwa zuri, lakini alijua maneno yana miguu. Machafuko yale yaliua watu zaidi ya 3,500 mpaka makubaliano ya 1998, na Waprotestanti wa huko nao wana nyimbo zao za ushujaa, zenye wafu wao.

Wimbo unaweza kuihifadhi haki. Unaweza pia kumpeleka mtoto wa mwenzako kaburini huku wewe unapiga makofi. Sisi tumechagua kura, mahakama na barabara bila silaha. Basi nyimbo zetu zisitamani wafu. Mimi simtaki shahidi hata mmoja kwenye tawi langu. Nawataka wale sita warudi nyumbani wakale.

Kwa nini wanaogopa wimbo wa kweli

Mfano wa mwisho, ndio ulioniondoa usingizi. Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 kwenye baa za Birmingham, Uingereza. Wanaume sita wa Ayalandi wakakamatwa na mwaka 1975 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Sita, kama wetu. Wakasema wamepigwa mpaka wakakiri. Hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1988 bendi ya The Pogues ikatoa wimbo kusema watu hawa wamefungwa kwa kosa wasilolitenda. Mamlaka ya utangazaji ikaupiga marufuku. Machi 1991 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu zao, wakatoka baada ya miaka 16.

Sisemi wimbo ndio uliowatoa. Walitolewa na mawakili, waandishi na wabunge waliong'ang'ania ushahidi. Lakini wimbo ulisema kweli miaka mitatu kabla ya mahakama, na serikali iliona ni hatari kuliko hotuba. Wimbo unaomsifu mwenyekiti hauna anayejisumbua kuufungia.

Tufanye nini

Msiniambie hii ni habari ya Wazungu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipoandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akifungamana na chama cha upinzani. Akafungwa miaka mitatu, akatoka na diwani iliyotungwa gerezani, Sauti ya Dhiki. Tunayo mizizi. Tumeacha tu kumwagilia.

Kwa hiyo naweka mezani mambo manne, na nitayapeleka kwenye kikao cha baraza la vijana kwa maandishi.

Moja. Kila tawi liwe na daftari la nyimbo, na angalau mtu mmoja anayejua kulitunza. Nyimbo zitungwe na wanachama. Mahadhi chukueni ya kwaya, ya mchiriku, ya kaswida, ya singeli, popote. Waayalandi nao walivalisha maneno mapya kwenye mahadhi ya zamani bila aibu.

Mbili. Tupunguze majina ya viongozi. Kiongozi anaweza kuhama kesho asubuhi. Kijiji hakihami. Taja kata, taja tarehe, taja kituo cha kura ambacho taa zilizimwa, taja muuza mihogo aliyeficha masanduku ya karatasi zetu nyuma ya jiko lake.

Tatu. Tuwe na nyimbo zinazotuuliza sisi. Tulipochapana viti kwenye uchaguzi wa ndani, nani aliimba? Tulipomfukuza dada yetu aliyelalamika kusumbuliwa na kiongozi, nani alitunga hata ubeti? Chama kinachoweza kujiimba makosa yake hakitashangazwa na makosa hayo siku kikikalia dola.

Nne. Anayetunga alipwe, hata kama ni nauli na chakula. Asibaki juu ya ngazi na brashi wakati sisi tunasimama wima kwa maneno yake.

Wapo watakaosema tuna mambo makubwa zaidi: katiba, tume, daftari la wapiga kura. Ni kweli, na hayo tunayaandika hapa kila wiki. Lakini niliona kwa macho yangu watu arobaini, wenye hoja zote za katiba kichwani, wakinyamaza saa nane usiku kwa sababu kitu pekee walichokuwa nacho mdomoni kilikuwa jina la mtu aliyeondoka.

Yule mama alimwaga chai iliyobaki kwenye vikombe vya plastiki akatugawia. Halafu akaanza yeye, sauti ya chini, wimbo wa kubembeleza mtoto. Ule wa kawaida tu, wa kila nyumba. Akaweka jina la mwanawe katikati. Aliporudia, akaweka la wa pili. Akauliza la wa tatu anaitwa nani. Tukamtajia. Mpaka kumekucha majina yote sita yalikuwa yameimbwa, na kutoka ndani tulisikia mtu akigonga mlango kwa kufuata mdundo.

Kesi yao inatajwa tena Jumanne ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwepo nje ya mahakama. Njooni. Na kila mmoja aje na ubeti wake.

Mapambano yanaendelea.